Daftari Moja, Mratibu Mmoja: Jinsi ya Kuunganisha Huduma kwa Familia Inayolea Mtoto Mdogo Mwenye Ulemavu

Mama mmoja kutoka kijiji cha ndani mkoani Tanga alifika ofisini kwangu akiwa amembeba mgongoni mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na mkononi ameshika mfuko wa rambo. Ndani ya mfuko mlikuwa na kadi ya kliniki iliyowahi kulowa mvua, picha mbili za eksirei, karatasi tatu za rufaa, risiti za duka la dawa na barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Kila aliyeandika karatasi mojawapo alikuwa ametimiza wajibu wake, lakini hakuna aliyejua mwenzake ameandika nini. Mama alikuwa amekwisha kusimulia habari za mwanawe, tangu uchungu ulipomshika hadi siku ile, katika ofisi sita. Mimi nilikuwa wa saba, na jambo la kwanza nililomwambia lilikuwa, "Haya mama, hebu tuanze mwanzo." Aliinamisha kichwa, akanyamaza kwa muda mrefu kabla ya kuanza.

Ukimya ule ndio ulionifundisha kwamba tulikuwa tumemgeuza mama yule tarishi wa ofisi zetu, akibeba taarifa kutoka meza moja hadi nyingine kwa miguu yake na kwa nauli yake, huku amembeba mtoto ambaye shingo yake haijakaza. Matibabu yako chini ya sekta ya afya, afisa ustawi wa jamii ana wizara nyingine, mwalimu wa elimu ya awali ana idara yake, na masuala ya watu wenye ulemavu yamekuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kwa miaka mingi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ilizitaka sekta hizo zimhudumie kwa pamoja mtoto wa hadi umri wa miaka 8. Hayo yameandikwa vizuri. Kinachobaki ni kuyafikisha mlangoni kwa familia moja iliyo na mtoto mmoja, na hilo linahitaji mtu wa kulifanya.

Mwongozo huu unamlenga mtu huyo, ambaye humu namwita mratibu, awe afisa ustawi wa jamii wa kata, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu, kiongozi wa kikundi cha wazazi, au shangazi wa mtoto anayejua kusoma na kuandika na asiyeogopa kubisha hodi ofisini.

Hatua ya kwanza: Nenda nyumbani, usikilize kabla ya kuandika

Usiiite familia ofisini kwako kwa mara ya kwanza. Nenda kwao, ikiwezekana saa ambayo mtoto analishwa au anaogeshwa, ukae mkekani au kwenye kigoda kama mgeni mwingine yeyote, na kalamu yako ibaki mfukoni kwa nusu saa ya mwanzo. Swali ambalo limenisaidia kuliko mengine yote ni hili: "Siku yenu inakwendaje, tangu mnapoamka?" Jibu la swali hilo litakuonyesha nani anambeba mtoto, nani anamlisha, nani amelazimika kuacha biashara yake ya vitumbua, ndugu yupi anachelewa shule kwa sababu ya kumshika mdogo wake, na ni saa ngapi za usiku mama hulala. Fomu yoyote ya uandikishaji haitakupa robo ya hayo.

Msalimie kila mtu aliye nyumbani kwa heshima yake, na mtafute hasa bibi, kwa sababu katika nyumba nyingi yeye ndiye anayeshinda na mtoto na neno lake ndilo linalofuatwa kuhusu chakula na dawa. Mtafute baba pia. Baadhi ya akina baba hukaa mbali kwa sababu wameambiwa na ukoo kwamba tatizo limetoka upande wa mama, na nimewaona wakirudi karibu pale tu walipoelezwa na mtaalamu, mbele ya watu wao, kwamba mtindio wa ubongo unaweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo au malaria kali, na kwamba haukuletwa na laana wala kosa la mtu.

Chunga maneno yako. Sema "mtoto mwenye ulemavu", na bora zaidi mwite jina lake, kwa sababu kwa familia yake ndilo linalomtambulisha. Usiahidi jambo ambalo hujalihakikisha. Ukimwambia mama kwamba mtoto atapata kiti cha magurudumu kisha kisipatikane, hatakuamini utakapomweleza lililo kweli.

Hatua ya pili: Fungueni daftari moja

Nunua kauntabuku lenye jalada gumu, kwa sababu daftari laini halitamaliza msimu mmoja wa masika. Daftari hili ni la familia na litakaa nyumbani kwao, likiwa limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki. Ofisi zinaweza kunakili kinachohusu kazi yao, lakini hakuna ofisi itakayolichukua na kulifungia kabatini.

Ukurasa wa kwanza ndio wenye thamani kuliko yote, nao uandikwe kwa uangalifu baada ya ziara ya pili au ya tatu. Andika jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, alizaliwa wapi na kwa namna gani, alilia mara moja au alichelewa, ugonjwa mkubwa alioupata, jina la hali yake kama daktari alivyoliandika, dawa anazotumia na kipimo chake, na namba ya simu ya mratibu. Chini yake andika mambo matatu ambayo mtoto anayaweza na anayapenda: pengine anageuza kichwa akisikia sauti ya baba yake, anacheka akiimbiwa, anashika kijiko akisaidiwa kiganja. Nasisitiza sehemu hii kwa sababu nimeona namna tabibu anavyobadilika anapoisoma. Anamtazama mtoto usoni badala ya kutazama miguu peke yake. Mama anapofika katika ofisi mpya, afungue ukurasa huo na kuuweka mezani, na masimulizi ya tangu mwanzo yasirudiwe tena ila kwa hiari yake.

Kurasa zinazofuata ziwe na safu nne tu: tarehe, nani ametuona, amesema au amefanya nini, na nini kifuatacho. Mwombe kila mtaalamu aandike mwenyewe kwa Kiswahili kinachosomeka. Wengi wanakubali wakiombwa kwa adabu, na asiyekubali, mratibu aandike jioni ile ile kwa kumsikiliza mama. Kama mama hajui kusoma, mtafute mtoto mkubwa wa nyumba hiyo au jirani anayeaminika awe msomaji wa daftari, lakini mama mwenyewe ndiye amtaje. Habari za ndani, kwa mfano majibu ya vipimo vya mama au ugomvi wa wazazi, zisiandikwe humo kabisa.

Hatua ya tatu: Kubalianeni nani atakuwa mratibu

Mratibu hateuliwi na ofisi bila familia kuulizwa. Familia itaje mtu inayemwamini kati ya wale wanaoihudumia, kisha mtu huyo aulizwe kama anaweza. Tangu mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulipozinduliwa 2024, maeneo mengi yana mhudumu aliyepata mafunzo na anayetembelea kaya, naye mara nyingi ndiye anayefaa, kwa kuwa anaishi karibu na tayari anawajua watu wa nyumba hiyo. Penye afisa ustawi wa jamii wa kata, huyo abebe familia zenye matatizo mazito zaidi, hasa penye dalili za mtoto kutelekezwa, kufichwa au kupigwa.

Kazi ya mratibu ni kujua nani anafanya nini, kukumbusha, kupiga simu kabla familia haijapanda gari, na kuhakikisha kwamba ahadi iliyoandikwa imetekelezwa. Si lazima awe mtaalamu wa tiba. Asijichukulie familia nyingi kuliko anazoweza kuzitembelea walau mara moja kwa mwezi, kwani mratibu asiyeonekana anaiachia familia mzigo wa kumtafuta na yeye.

Hatua ya nne: Yasiyosubiri yatangulie

Kabla ya mipango yoyote ya muda mrefu, chunguza kama mtoto ana hali ambayo kila wiki inayopita inamdhuru. Hapa naomba usomaji wako uwe wa polepole, maana watoto wengi wamepata ulemavu mkubwa zaidi kwa kukosa mtu wa kusema, "Hili liende leo."

Kichwa kinachokua haraka kuliko mwili, utosi uliovimba na kukaza, mishipa inayoonekana kichwani na macho yanayoelekea chini ni dalili za kichwa kikubwa, yaani maji kujaa ndani ya ubongo. Zahanati inaweza kupima mzingo wa kichwa kwa futikamba na kuandika rufaa siku hiyo hiyo. Upasuaji wake hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, pamoja na hospitali nyingine kubwa, na mtoto aliyewekewa mpira wa kupunguza maji anapaswa kurudishwa hospitali bila kuchelewa akianza kutapika mfululizo, kupata homa, kusinzia kupita kiasi au kuvimba tena utosi. Mtoto aliyezaliwa na uvimbe au kidonda wazi mgongoni, yaani mgongo wazi, afikishwe hospitali katika saa za mwanzo za maisha yake, kidonda kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa safi chenye unyevunyevu, na asilazwe chali.

Nyayo zilizopinda kuelekea ndani hutibika vizuri sana zikianza kushughulikiwa katika wiki za kwanza. Mguu hunyooshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano au sita, halafu wengi hukatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo, kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3 na baadaye wakati wa kulala hadi afikishe umri wa miaka minne hivi. Hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani, Dar es Salaam, imefanya kazi hii kwa miaka mingi. Sehemu inayoshinda familia ni ile ya viatu vya usiku, kwa sababu mguu umeshanyooka na mtoto analia akivalishwa, nao wazazi wanaona huruma na kuvivua. Mratibu anayepita nyumbani jioni na kuuliza tu, "Viatu vya mwanetu viko wapi?" anaokoa kazi ya miezi mingi.

Weupe ndani ya mboni ya jicho uende kwa daktari wa macho mara moja, kwa kuwa unaweza kuwa mtoto wa jicho au uvimbe wa saratani, na hata pale ambapo ni mtoto wa jicho, ubongo usiopokea picha mapema hushindwa kujifunza kuona. Mtoto asiyeshtuka kwa kelele, au aliyeacha kutoa sauti baada ya kuugua uti wa mgongo, apimwe masikio. Kwa mtoto anayepata degedege za mara kwa mara bila homa, familia ifundishwe kumlaza ubavu, isimtie kitu chochote kinywani, na dawa za kifafa zisiachishwe ghafla hata mtoto akionekana amepona. Nimewahi kukuta nyumba ambayo dawa zimekatizwa kwa sababu kituo kiliishiwa nazo na hakuna aliyeiambia familia kwamba zilikuwepo kituo cha kata ya jirani. Simu moja ingetosha.

Kuhusu gharama, Sera ya Afya ya 2007 inatoa msamaha wa matibabu kwa watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya umma, na aliyevuka umri huo ambaye familia yake haina uwezo anaweza kuombewa msamaha kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji au mtaa iandaliwe kabla ya safari, yenye muhuri. Nauli haimo katika msamaha huo, nayo ndiyo inayokwamisha rufaa nyingi. Kwa hiyo mratibu apige simu na kuomba miadi ya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), lishe na daktari wa watoto ipangwe siku moja. Kutoka kijiji cha mbali hadi hospitali ya mkoa, safari tatu zikifanywa moja, familia imebakiwa na fedha ya chakula cha wiki.

Hatua ya tano: Anzeni na kula, kukaa na kulala

Ilikuwa adhuhuri nilipofika kwa bibi mmoja aliyekuwa akimlisha mjukuu wake wa miaka miwili mwenye mtindio wa ubongo. Alikuwa amemlaza chali mapajani, kichwa kimening'inia nyuma, na kumimina uji mwepesi kwa kikombe. Mtoto alikakamaa, akakohoa, na nusu ya uji ukamwagika shingoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Huyu huyu ndiye kazi yangu, tangu saa tano nipo hapa."

Nilikuwa nimefuatana na mtaalamu wa tiba kwa vitendo kutoka hospitali ya wilaya. Hakumkosoa bibi hata kidogo. Aliomba beseni kubwa la kufulia, akalitandika kanga mbili zilizokunjwa, akamkalisha mtoto humo mgongo ukiegemea ukingo, nyonga na magoti yamekunjwa, kanga nyingine imeviringishwa kila ubavu. Kisha akamwomba bibi akae mbele ya mtoto, uso kwa uso, kichwa cha mtoto kiinamie mbele kidogo. Uji ukaongezwa unga hadi ukawa mzito wa kushikamana na kijiko. Kijiko kiliingia kutoka mbele kwa usawa wa mdomo, kikakandamiza ulimi taratibu, wakasubiri ameze, ndipo kikaja kingine. Mtoto alikula vijiko kumi na vinne bila kukohoa. Bibi alivihesabu kwa sauti, na alipomaliza alifuta macho kwa pembe ya kanga yake.

Nimeeleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mipango mingi huanza na mambo makubwa, kiti, shule, upasuaji, wakati mtoto anadhoofika kwa njaa na mlezi anatumia saa nne kila siku kumlisha. Mtoto apimwe uzito na mzingo wa mkono kila mwezi. Akikohoa kila anapokula, akipumua kwa sauti ya majimaji baada ya kula au akipata nimonia mara kwa mara, huenda chakula kinaingia njia ya hewa, na hapo daktari lazima ahusishwe haraka. Baada ya kula abaki amekaa wima kwa nusu saa.

Beseni ni la kuanzia. Fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha kona chenye meza ya mbele, mradi apewe vipimo na mtaalamu: kutoka nyonga hadi goti, kutoka goti hadi kisigino, na upana wa makalio. Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT ambacho tangu 1981 kimefundisha mafundi sanifu wa viungo bandia na vifaa saidizi, na wahitimu wake wako katika hospitali mbalimbali nchini. Uliza kama hospitali yenu ya rufaa ina mmoja. Kiti cha magurudumu kisichopimwa kwa mwili wa mtoto kinaweza kumpinda uti wa mgongo, kwa hiyo msaada wa kiti cha watu wazima, hata ukitolewa kwa nia njema na kupigwa picha, upokelewe kwa shukrani na kupelekwa kwanza kwa mtaalamu akirekebishe.

Mazoezi yaingizwe ndani ya kazi za kila siku: kunyoosha mikono wakati wa kuogesha, kugeuza kichwa kuelekea anayeimba, kulala kwa tumbo juu ya mapaja ya kaka yake kwa dakika chache. Familia ikipewa orodha ya mazoezi kumi na mawili, baada ya wiki moja hakuna litakalofanyika.

Hatua ya sita: Kaeni kikao kimoja

Baada ya miezi miwili hivi ya kufuatilia, itisha kikao. Mahali pazuri ni zahanati au ofisi ya kijiji iliyo karibu na familia, saa ambayo mama hajabanwa na kazi, na kisizidi saa moja na nusu. Waalike wazazi na bibi, mganga au muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, afisa ustawi, mtendaji wa kijiji au mtaa, mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani, na mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji. Kamati hizo zimewekwa na Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Penye kijiji ambacho haijaundwa, kikao hiki ni mahali pa kumwuliza mtendaji itaundwa lini. Mtaalamu wa fiziotherapia wa wilaya akishindwa kuja, apigiwe simu na sauti ifunguliwe wote wasikie.

Mama au baba aongee kwanza, na asikatizwe. Mratibu amwandae siku moja kabla kwa kumwuliza, "Kama lingebadilika jambo moja tu katika miezi mitatu ijayo, ungependa liwe lipi?" Wengi hawatasema "atembee", kama sisi wataalamu tunavyodhani. Mmoja alisema anataka kulala usingizi wa usiku mmoja kwa wiki. Mwingine alitaka mwanawe aweze kukaa ili na yeye apate mikono miwili ya kupika.

Andikeni mambo matatu tu katika daftari, na kila jambo liwe na mtu na tarehe. "Zahanati itashughulikia dawa" ni sentensi isiyo na mwenyewe. Andika kwamba muuguzi fulani atahakikisha dawa ya mwezi ipo kufikia tarehe fulani, na ikikosekana atampigia mratibu. Someni kwa sauti mlichoandika kabla ya kuondoka.

Jambo la kuepuka katika kikao ni wataalamu kuongea wao kwa wao juu ya kichwa cha mama. Likitokea, mratibu amgeukie mama na kumwuliza, "Mama, hapo tumeelewana?" na asubiri jibu.

Hatua ya saba: Vyeti na fedha

Cheti cha kuzaliwa kitangulie, kwa sababu kitaulizwa katika bima, shule na huduma nyingine. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5, ulioanzia Mbeya 2013 na kusambaa mikoani, hutoa cheti bila malipo kupitia vituo vya afya na ofisi za kata. Familia maskini isiyokuwemo katika orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ifuatilie mkutano wa kijiji unaohusika na utambuzi wa kaya, na mratibu aongozane nayo, kwani kaya yenye mtoto wa kulea saa zote mara nyingi haihudhurii mikutano na hivyo husahaulika. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mama anaweza kuingia kupitia kikundi cha wanawake, ila ajiunge na kikundi ambacho kazi yake inafanyika nyumbani au jirani. Penye ukatili dhidi ya mtoto, namba ya simu ya bure 116 inapokea taarifa nchini kote.

Hatua ya nane: Mkutanishe mzazi na wazazi wenzake

Hakuna mtaalamu anayeweza kumwambia mama neno lenye uzito sawa na la mama mwenzake aliyekwisha kupita njia hiyo. Wazazi wa watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi wana chama chao cha kitaifa, ASBAHT, na kupitia SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, unaweza kuelekezwa kwenye vyama vya wasioona, viziwi, wenye ualbino na wengineo. Mkutanishe mzazi pia na mtu mzima mwenye ulemavu kama wa mwanawe, awe fundi cherehani au mwalimu, aone kwa macho yake maisha ya mbele.

Kikundi cha wazazi watano au sita wa kata moja kinaweza pia kupokezana kushika watoto kwa saa chache kila wiki, ili kila mlezi apate muda wa kwenda gulioni, msibani au kulala tu. Na wale ndugu wa mtoto wasisahauliwe. Waelezwe hali ya mwenzao kwa lugha ya umri wao, na wapewe muda wa kucheza bila kubeba mtu.

Hatua ya tisa: Shule ianze kuandaliwa mwaka mmoja kabla

Serikali iliandaa Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, na elimumsingi haina ada tangu 2016, lakini mtoto asiyeandaliwa huishia kurudishwa nyumbani katika wiki ya kwanza. Mwaka mmoja kabla ya darasa la awali, ongea na afisa elimu maalumu wa halmashauri ili mtoto apimwe, na itambulike kama shule ya jirani inamfaa kwa marekebisho madogo au anahitaji shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Kisha mtembee na mama hadi shuleni, mkiwa na mtoto, mhesabu ngazi, mpime upana wa mlango wa choo kwa futikamba na kumwuliza mwalimu nani atamsaidia mtoto kujisaidia. Swali hilo la choo ndilo lililowatoa shule watoto wengi, hasa wa kike, na huwa haliulizwi hadi siku ya aibu ifike. Ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na yale matatu anayoyaweza, asomewe mwalimu wa darasa yeye mwenyewe, wala usiishie kwa mwalimu mkuu.

Hatua ya kumi: Rudini kila miezi mitatu, na kabidhianeni kwa mkono

Kila baada ya miezi mitatu rudini mezani, mkiwa wachache zaidi, mfungue daftari na kusoma yale matatu: lipi limefanyika, lipi halijafanyika na kwa nini. Lililoshindikana mara mbili libadilishwe au lihamishiwe kwa mtu mwingine. Lisinakiliwe tu kwa tarehe mpya.

Watumishi huhamishwa, na uhamisho wa mratibu ndio wakati ambao familia hurudi katika hali ya mfuko wa rambo. Ukipata barua ya uhamisho, usiandike taarifa ya makabidhiano ya kukaa katika jalada la ofisi peke yake. Mchukue anayekupokea, mwende naye hadi nyumbani, mkae mkekani wote wawili, umtambulishe kwa bibi, kwa wazazi na kwa mtoto mwenyewe kwa jina. Mwache amlishe vijiko viwili vitatu, bibi akimwelekeza namna ya kushika kijiko. Kisha fungua ukurasa wa kwanza, kata namba yako ya simu kwa mstari mmoja, na yeye aandike ya kwake chini yake, mama akiwa anaangalia.